Fundi wa Redi

Huyo fundi wetu wa nguo hapa Homa Bay anajua Kizungu moja tu: redi. Kitambaa bado iko kwa mfuko vile ulileta, anakwambia, "Redi, Mama Jacktone." Akishakata, redi. Ikibaki mikono na vifungo, bado ni redi. Anaongea na pini tatu kwa mdomo, na mguu inakanyaga cherehani hata kama hakuna nguo juu, ndio ukipita usikie ati kazi inaendelea.

Juzi mjukuu wetu alikuwa anaolewa, na sisi wamama wa boma tulinunuliwa kitambaa moja, mimi na mke mwenzangu Kezia. Kezia sijamsemesha miaka tisa na sina haraka. Nilitaka tu nionekane nimevaa kumshinda. Asubuhi naenda, gauni haijakunjwa chini. "Redi, Mama! Vaa uende, nitamalizia huko huko kanisa."

Kweli akakuja. Kezia na mimi tumepangwa benchi moja, pastor anaomba, fundi akapiga magoti nyuma yetu akashona kama mtu anafukuzwa. Tukaitwa picha. Nikasimama, Kezia akavutwa na gauni yangu.

"Mama Jacktone, unanipeleka wapi?"

"Nyamaza utembee!"

Tulifika mbele tumebanana, kanisa yote inapiga vigelegele ati tumepatana. Fundi alikuwa mlangoni, anaonyesha watu gauni yetu na kidole.

"Mmeona mshono yangu? Wamevuta wote wawili na haijakatika!"