Gari la Kichwa Wazi

Landrova iliyoachwa na meneja wa shamba la mkonge, pale Kimamba, haikuwa na paa. Shamba lilipofanywa mali ya umma ikawa gari la kazi zote, na mume wangu ndiye dereva. Wakata mkonge waliliita kichwa wazi, kama mwanamke aliyetoka bila mtandio. Mume wangu, aliyewahi kuwaendesha watalii Mikumi, alisema kule gari la wazi ni anasa: mgeni husimama humo akatazama tembo. Kwa mama mkwe wangu lilikuwa na maana moja tu, gari la maiti. Wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo mara mbili alisimama mlangoni akalitazama likiondoka na maiti ya mtoto wake.

"Aliye hai halali humo," alikuwa akisema.

Mimi, mwenye ulimi mkali, nilimcheka. Kisha uchungu ukanishika siku mbili, mtoto hatoki. Mkunga akasema nipelekwe hospitali Kilosa leo hii. Gari lilikuwa lile lile.

"Humo hapandi," mama mkwe akasema, ameziba mlango.

"Mama, atatufia hapa!" mume wangu akasema.

Alinishika mkono kwa nguvu, haniachi. Niliyemdhania mkaidi alikuwa anaogopa kunipoteza, nami nikaona aibu.

"Basi asilale," akasema mwishowe. "Akae. Nami nakaa naye."

Akapanda nyuma, akaniegemeza kifuani mwake, akainua kanga juu yangu kuzuia jua hadi Kilosa. Barabara ilikuwa mashimo matupu. Kila nilipolegea alinifinya.

"Usilale, mwanangu."

Nilimtukana, Mungu anisamehe.

"Tukana," akanijibu, "lakini kaa."

Binti yangu alizaliwa jua halijazama. Mama mkwe alishinda wiki nzima hawezi kuinua mikono hata kujifunga kilemba. Sikumcheka tena.

Alifariki miaka mingi baadaye, tukiwa tumehamia Mabwerebwere. Shemeji zangu walileta pikapu ya wazi, wakapandisha jeneza, wakaketi pembeni. Wanawake tulibaki mlangoni kama ilivyo desturi. Dereva alipowasha gari miguu ilinipeleka yenyewe. Nikalikimbilia, nikaweka mkono juu ya jeneza, na hakuna aliyenizuia.

"Lala, mama," nikamwambia. "Sasa lala."