Furushi la Pili

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa mwalimu mgeni Kigoma. Nilipanga chumba Gungu, nina mimba ya miezi minane, mume wangu yuko kazini Dodoma. Nilijiona mimi ndiye nimekuja kuwasaidia watu.

Jioni, mama mwenye nyumba akichambua dagaa uani, nilimsimulia riwaya ya Kiingereza niliyokuwa nikiisoma. Ilihusu mataifa mawili makubwa yanayosukumana kuelekea vita vya nyuklia: balozi anadanganya, jenerali anamjaza rais maneno, makombora yanaelekezwa mijini. Nilisimulia kwa mbwembwe, nikiiga sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Mama alifurahi sana.

Kwenye chumba cha nyuma alimhifadhi binti wa kaka yake, aliyekimbia vita Burundi na mtoto mgongoni. Siku moja binti huyo alirudi kutoka bombani akanikuta nimefika patamu.

"Mazungumzo yamevunjika," nilitangaza. "Kesho alfajiri mabomu yatarushwa. Hakuna mji utakaosalimika."

Akatua ndoo, akaingia ndani. Mimi nikaendelea na jenerali wangu.

Dagaa hawajaisha, akatoka. Mtoto mgongoni, furushi moja kichwani, jingine mkononi.

"Haguruka, mwalimu, tugende!" Akanishika mkono aninyanyue tuondoke. "Wewe umesoma, niambie tu wanatokea upande gani. Ng'ambo ya ziwa, au kwetu? Mizigo nitabeba mimi."

Shangazi yake alicheka mpaka ungo ukapinduka. Nami nikacheka, nikamwonyesha kitabu. "Ni hadithi tu, dada. Mtu kaitunga."

"Kaitunga?" Alikigeuza huku na huku. "Huyo ana akili timamu? Vita ni kitu cha kutunga?"

Akakaa chini palepale, akalia kwa hasira. Kwao, alisema, mambo yalianza hivyohivyo, kwa sauti ya mtu redioni. Siku ile alikimbia bila kumgongea jirani yake, mjamzito kama mimi. Hakuwahi kumwona tena. Shangazi akaacha kucheka, akaanza kuokota dagaa mmoja mmoja.

Nilimuuliza lile furushi la mkononi lilikuwa la nini.

"Lako."

Nililifungua. Mlikuwa na chupa ya maji, uzi, wembe ambao haujatolewa kwenye karatasi yake, na kitenge kipya, kile kimoja alichokuwa nacho. Alikuwa amejiandaa kunizalisha njiani.

Watoto shuleni nilikuwa nikiwafundisha kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Huyu alinifaa kwa dhiki ambayo hata haikuwepo. Nashukuru mpaka leo, na shukrani hiyo haijapoa.

Riwaya sikuimaliza, sijui kama walirusha. Mwanangu alizaliwa hospitali, salama. Nesi aliponyoosha mkono kuomba nguo ya kumpokelea, nilimpa kile kitenge.