Zamu ya Asubuhi Kifuani

Mnyapara wa wafagizi wa soko alikuwa na sheria moja: ukitupa taka palipofagiliwa, unakabidhiwa ufagio mbele za watu. Hata mwenyekiti wa soko aliwahi kufagia maganda yake ya ndizi, tai ikimning'inia.

Mnyapara mwenyewe alivuta sigara kama tanuri, na akikohoa, mizani za wauza vitunguu zilitikisika. Binti yake alipojifungua alisema wazi: mtoto hashikwi na mtu anayeumwa kifua kila mwezi. Basi mzee wa watu akawa anamwangalia mjukuu wake wa kwanza kutokea mlangoni, na ilimuuma kweli.

Akaenda kwa daktari.

"Kwenye mapafu yako kuna chembechembe za kinga," daktari akamweleza. "Kazi yao ni kumeza vumbi na vijidudu. Moshi umezijaza masizi mpaka zimelegea, kijidudu kinapita mbele yao hazikigusi. Zikiitwa nyingine kusaidia, zinakuja kwa vurugu na kuyaumiza mapafu yenyewe."

"Vibarua," mnyapara akasema kwa uchungu. Watu wa aina hiyo aliwajua.

Alirudi nyumbani na mpango. Kwa uzoefu wake, mfagizi hashindwi na kazi, anashindwa na ratiba mbovu. Akaanza kuvuta mchana tu, asubuhi akaziachia chembechembe zile zamu ya usafi. Habari hiyo akampelekea binti yake, kifua mbele, huku akikohoa.

"Baba," binti akasema, mtoto begani, "mtu akimwaga taka mchana pale mlipofagia asubuhi, unamfanyaje?"

"Namkabidhi ufagio. Hata awe nani."

 Binti akautazama mfuko wa shati la baba yake, mlimokuwa na pakiti ya sigara.  Mnyapara akaitoa pakiti, akaitupa kwenye pipa, halafu akachukua ufagio wa jikoni na kufagia sebule nzima, kama sheria inavyotaka.

Miezi ya kwanza alikuwa mkali kama pilipili, wafagizi wakawa wanamkwepa. Lakini kikohozi kilipungua, mwisho kikaondoka. Siku moja binti akamlaza mtoto kifuani pa baba yake. Machozi yakamlenga mzee.

Mkewe akaingia akiongea kwa sauti.

"Taratibu, mama watoto," akanong'ona. "Huyu amelala, na humu chini yake wafagizi wako kazini."