Reli ya Bonde Chini ya Godoro

Kitanda kile mume wangu alikitengeneza mwenyewe, vita vya kwanza vya huku kwetu vilipopita na kutuachia kuta tu. Mbao za juu zilifunguka kama mfuniko wa sanduku, unaziinua pamoja na godoro. Chini kulikuwa na nafasi ya kuficha vitenge vyangu na chakula, askari wasivione. Ndivyo alivyoniambia, nikaamini.

Vita vya pili vilipotufikia, kazi yake ya upimaji bandarini Kalundu, pale ziwani, ilikuwa imekufa na yeye anashinda ndani. Siku moja nainua mbao nitoe unga, nakuta reli. Spoki za baiskeli zimelazwa mbili mbili juu ya vijiti vya mwanzi. Treni ni makopo ya sardini, magurudumu ni vizibo vya chupa. Bandari iko, daraja liko, barabara ya bonde la Ruzizi iko. Alikuwa anajenga upya ile reli ya bonde ambayo baba yake aliifanyia kazi, iliyong'olewa sisi tukiwa watoto. Unga wangu ameusukumia kwenye kona.

Sikupiga kelele. Mtu aliyechoka hapigi kelele. Nilimwambia tu kwamba mzee mwenye wajukuu hachezi na makopo. Akanijibu kwamba yeye hachezi, anapima.

Nilimwacha, mpaka jirani yetu fundi wa nyumba aliposhikwa kwenye bariyeri ya askari barabarani na mchoro wa kiwanja chake mfukoni. Walisema ni ramani ya kuwaongoza adui. Mke wake alimpelekea chakula mara nyingi, kisha akaambiwa asilete tena.

Siku ile nilirudi nyumbani, nikainua kitanda na kuangalia kwa macho ya askari. Bandari, daraja, barabara.

"Mzee, bomoa hii kitu."

"Ni reli, mama watoto. Reli haiui mtu."

"Weye unaona reli. Wao wataona ramani, na watakuua nayo."

Aling'oa daraja tu, akalitia mfukoni. Mengine, akasema, kesho.

Kesho hiyo ndipo askari walipokuja. Ilikuwa asubuhi, wanapita nyumba kwa nyumba. Tuliwasikia kwa jirani wakivunja kabati. Mume wangu alisimama katikati ya chumba kama amefungwa miguu. Kubomoa hakukuwa na wakati, kila kitu kimegongomewa misumari. Mimi nilikuwa na gunia la ndagala, dagaa wakavu wa ziwa letu, nililolipata kabla wavuvi hawajakatazwa ziwa. Hilo ndilo nililotaka kupeleka Kiringye, kule bondeni, kwa dada yangu nibadilishe na unga wa muhogo, maana wetu ulikuwa umebaki wa kukwangua. Nililifungua, nikamwaga lote juu ya reli. Nilifikiri hivi: mwenye njaa akiona samaki, hatazami wamelalia nini.

Waliingia wawili. Sikungoja wapekue, niliinua kitanda mwenyewe.

"Chakula yetu ndiyo hii, baba. Mutuachie kidogo."

Walichota kwa mikono. Mmoja mkono wake ukatoka na behewa. Akazungusha kizibo kwa kidole.

"Na hii iko nini?"

Mume wangu alifungua kinywa. Nikamtangulia.

"Kopo ya kupimia ndagala, mwanangu."

"Yenye magurudumu?"

"Mzee wangu amezeeka. Akiona kopo, anaitia magurudumu."

Wakacheka. Yule akaendelea kuchota kwa kopo lile lile mpaka gunia lao likajaa, akalitupa kopo, wakaondoka. Tabaka jembamba walilotuachia ndilo lililokuwa bado limefunika spoki.

Mume wangu aliketi sakafuni, akaanza kuchomoa ndagala zilizonasa kwenye reli. Akasema polepole, "Imebeba mzigo."

Nikashika ufagio, nikakusanya zilizomwagika. Ningefungua kinywa, ningemjibu vibaya.

Siku hiyo hiyo aling'oa bandari na barabara, mbao zake tukazifanya kuni. Reli nilimwachia, bila bandari ilikuwa waya tu. Unga ulipoisha tulikwenda Kiringye mikono mitupu, kulima mashamba ya watu ili tupewe mihogo. Mzee mzima, fundi wa kupima, na jembe begani. Magoti yalimuuma njia nzima. Mahali penye nyasi tupu akasimama, akanionyesha kwa mpini wa jembe kwamba hapo ndipo treni ilikuwa inasimama kunywa maji.

Nikatazama. Nyasi.

"Tembea, mzee," nikamwambia. "Jua linapanda."