Nilivyosomea soko la Matulo habari za mwezini, hadi kanisa likaniita nijibu

Wakuu, nawasalimu kutoka Tuwan, Kitale, mvua inapiga mabati mpaka redio yangu siisikii.

Mimi ni mzee. Mjukuu wangu Nafula alinifungulia akaunti hapa baada ya kuona nasoma nyuzi zenu kimyakimya kila asubuhi.

Juzi member mmoja aliuliza kama huku kwetu kuna watu wa zamani waliowahi kuandika hadithi za sayansi, zile za roketi na sayari nyingine. Mwingine akamjibu ati hayo mambo yamekuja na intaneti.

Nilicheka peke yangu. Halafu nikaudhika. Halafu nikamwambia Nafula anionyeshe pa kuanzisha uzi.

Ninayoandika hapa niliyaona mwenyewe. Nikifika mahali sikumbuki vizuri, nitasema sikumbuki.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Shemeji Wafula, mume wa dada yangu, alikuwa mpishi katika nyumba ya mzungu mmoja mwenye shamba nje kidogo ya Kitale. Nilikuwa naenda kukaa nao wakati shule zimefungwa.

Kazi moja ya mpishi ilikuwa kutandika karatasi kwenye rafu za kabati la jikoni, masufuria yasichafue mbao. Memsabu alikuwa anatumiwa magazeti ya hadithi kutoka kwao, kwa meli. Akimaliza kusoma anampa Wafula atandike.

Siku moja niliinua chupa ya jemu nikakuta picha. Chombo kama risasi kinapaa, moto nyuma, nyota pande zote, na mtu amechungulia dirishani kama abiria wa kawaida.

Nikaanza kusoma hapohapo, nimeshika chupa mkononi.

"Wewe, hiyo ni kabati," Wafula akaniambia. "Si maktaba. Rudisha chupa."

Kiingereza changu kilikuwa cha kubahatisha, lakini nilielewa wanaenda wapi. Wanaenda mwezini.

Shida ikawa moja. Hadithi ilianzia rafu ya juu chini ya jemu, ikaendelea rafu ya chini, chini ya debe la unga, na mwisho wake Wafula alikuwa ameukata kwa makasi ili karatasi iingie kwenye kona. Kipande kilichobaki kiliwashia jiko.

Nilisoma kabati lile lote, wakuu. Sikuwahi kupata mwisho hata mmoja. Kila hadithi ilinifia njiani.

Kwa hiyo nikaanza kutunga miisho mwenyewe. Nikitembea, nikipalilia, nikisubiri ugali. Baadaye nikaona kama naweza kutunga mwisho, basi naweza kutunga na mwanzo.

Nyinyi mnaosema mtaandika mkishapata vitabu vya kutosha, mimi nilianza na kabati.

Nilipomaliza masomo nikapata kazi ya ualimu kwetu Matulo, upande wa Bungoma. Shule ilikuwa ya kanisa, na ni lazima niwaeleze kanisa hilo lilikuwaje, maana ndipo mambo yote yalipokuja kuangukia.

Sisi hatukuapa. Hata mahakamani, mtu wa kanisa letu alikataa kuapa, kwa sababu neno lake lilitakiwa kuwa kweli siku zote, si siku ya kesi tu. Mwalimu akijulikana ni mwongo, hana darasa.

Mama yangu alikuwa mjane. Watu walikuwa wameacha jina lake wakamwita Mama Mwalimu, na jina hilo alilivaa kama kitambaa kipya cha Jumapili. Mwekeni huyo mama akilini.

Hadithi yangu niliiandika kwa Kiswahili, kwa penseli. Ni mwaka wa elfu mbili. Watu wa Matulo wanahamia mwezini kwa treni. Nilichagua treni kwa sababu ndicho kitu kikubwa zaidi nilichokuwa nimepanda. Reli inatoka Webuye, inapanda, inapita juu ya Mlima Elgon na haishuki. Ndani ya mabehewa kuna kuku, majembe na mbegu za wimbi.

Sasa nani asome? Wengi wa jirani zangu hawakujua kusoma. Nikaamua nitawasomea siku ya soko.

Nikasimama barazani pa duka, watu wamejaa, nikasema kwa sauti, "Nina hadithi!"

Mama Naliaka, muuza vyungu, hakuningoja niendelee.

"Hadithi? Saa hizi? Na jua liko hapo?" Akanyoosha kidole juu. "Mwalimu, unataka watoto wetu wadumae?"

Kwetu hadithi ilikuwa ya jioni, kazi zikiisha. Kusimulia mchana ilikuwa mkosi, na kila mtu alijua hivyo kabla hajaota meno. Mimi nilijua pia! Lakini nilikuwa nimekaa sana na magazeti ya memsabu, nikasahau niko wapi. Wanawake waliziba watoto masikio, na baraza likabaki langu na mbwa mmoja.

Nilirudi nyumbani nimenywea.

Lakini wiki iliyofuata niliona kitu. Barazani palepale, karani wa duka alikuwa anasoma gazeti la Kiswahili lililokuja na treni. Mchana kweupe. Na watu walimzunguka, Mama Naliaka mbele kabisa. Hakuna aliyeziba mtoto masikio.

Hadithi ilikuwa na saa yake. Habari haikuwa na saa.

Nikaenda nikaandika upya kila kitu, kama gazeti. Bei ya wimbi mwezini. Mkutano wa wazazi wa shule ya mwezini. Treni ya Jumanne yachelewa, ng'ombe yuko kwenye reli karibu na nyota. Siku ya soko nikapanda barazani nikasema, "Ninasoma gazeti la mwaka wa elfu mbili. Halijachapwa bado!"

Wakanizunguka.

Wakuu, nimewahi kuoa na nimewahi kupata watoto, lakini ile furaha ya kuona watu wameacha kununua nyanya wakusikilize, hiyo ni ya aina yake.

Na msidhani walikuwa wasikilizaji wapole.

"Huko nani anapalilia?" mwanamke mmoja akauliza.

"Wote," nikasema.

"Hata wanaume?"

"Hata wanaume."

"Ah, kumbe ni mbali kweli!"

Soko zima likaangua kicheko. Mama Naliaka yeye hakucheka. Aliinua chungu chake kimoja akanionyesha ndani, kitupu.

"Maji wanachota wapi?"

Nikapekua karatasi zangu. Kurasa zote zile, na sikuwa nimeweka hata kijito. Mnaoandika mnajua kuna swali moja linaloweza kubomoa kitabu kizima. Mimi nililipata kwa muuza vyungu.

Likizo ilipofika nikaenda Kitale kwa Wafula nikamweleza. Alikuwa anachemsha viazi. Akafunua sufuria, akageuza mfuniko, matone yakadondoka sakafuni.

"Haya si maji?" akasema. "Yalipanda, yakakosa pa kwenda, yakarudi. Funika mji wako."

Nikafunika mji wangu. Mfuniko mkubwa wa kioo juu ya kijiji, pumzi za watu na ng'ombe zinapanda, zinapoa, zinanyesha juu ya wimbi. Niliandika sehemu hiyo kwenye kizingiti cha jikoni, nikifukuzwa kila mara nipishe njia.

Sikupata nafasi ya kuisoma sokoni. Niliporudi Matulo, mama alikuwa amekaa nje ya mlango, hajavaa kitambaa.

"Wazee wa kanisa wanakutaka Jumamosi," akasema. "Wanasema umedanganya watu."

Kumbe nilipokuwa Kitale, Mzee Makokha, fundi wa baiskeli, alikuwa ameenda stesheni ya Webuye, kuku kwapani, akamuuliza karani habari za treni ya mwezini. Karani alicheka mpaka akaita wenzake. Kisha akampasha habari Mzee Yohana, mwenyekiti wa wazee wa kanisa: mwalimu wenu anafundisha watu uwongo.

Nilielewa mara moja. Wakiamua ni uwongo, sina shule, sina baraza, na mama yangu anarudishiwa jina lake la zamani.

Jumamosi kanisa lilijaa. Mama Naliaka alikuja na vyungu vyake kabisa, akavipanga mlangoni. Karani wa stesheni alikaa mbele na kofia yake ya kazi.

Mzee Yohana hakuwa mtu mbaya. Alinifundisha kusoma. Ndiyo maana iliniuma.

"Simiyu," akaanza. Hakusema mwalimu. "Ulisema watu wa Matulo wako mwezini?"

"Nilisema watakuwa."

"Ulijuaje?"

"Sikujua, mzee. Nilifikiria."

"Kufikiria ni ndani ya kichwa. Wewe ulisoma kwa sauti sokoni, ukaita gazeti. Gazeti si ni kitu cha kweli?"

Mtu nyuma akasema, "Si yote!" Watu wakacheka, Mzee Yohana akainua mkono.

Akamwita Makokha. Alikuja polepole, mikono bado ina grisi.

"Makokha, ulienda stesheni kukata tiketi ya mwezini?"

"Kukata? Hapana bana. Kuuriza."

"Kuuliza nini?"

"Mwarimu alisema bado. Mwaka wa erfu mbili, ndivyo alivyosema. Mimi nikaenda kuuriza kama wameanza."

"Kama wameanza!" karani akapiga paja.

Makokha akamgeukia, bila hasira. "Wewe karani, cheka tu. Mimi nikiwa kijana nilibeba mawe ya hiyo reri yako. Kabla ije, kuna mtu alipita hapa akasema nyumba za chuma zitapita Webuye zikitoa moshi. Tulimfukuza, tukamwita mwongo. Leo wewe unakula kwa huo uwongo wake, na kofia umepewa."

Karani alivua kofia akaiweka magotini.

"Na kuku?" Mzee Yohana akauliza. "Kuku wa nini?"

"Kuku nilikuwa nampeleka kwa mkwe wangu. Stesheni iko njiani."

Hapo hata Mzee Yohana aliinamisha uso kuficha kicheko.

Kanisa letu halikuwa na kura. Jambo likiwa gumu, wazee walikaa kimya, na sisi sote tukakaa kimya nao, mpaka neno lipatikane. Basi tukakaa. Nilimwangalia mama, ametazama miguu yake. Sijui tulikaa muda gani. Mimi niliona kama mahindi yangeweza kuota.

Ndipo sauti ikatoka mlangoni, kati ya vyungu.

"Lakini maji walipata?"

"Mama Naliaka," Mzee Yohana akasema, "tuko kwenye kimya."

"Najua. Lakini aliondoka hajasema. Watu wako kule na wimbi limepandwa. Walipata, hawakupata?"

Minong'ono ikaanza. Mmoja akasema lazima walipandisha maji kwa treni. Mwingine akasema, na yakimwagika njiani? Wazee wawili waliokaa karibu na Yohana wakaanza kubishana wao kwa wao, tena kwa sauti.

Mzee Yohana alitazama kanisa lake lote likigombania maji ya mahali ambapo hakuna aliyefika. Akaniangalia.

"Mwalimu," akasema.

Nilisikia mama akivuta pumzi.

"Mtu anayedanganya hutaka aaminiwe. Hawa hawakuamini, wanauliza. Utaendelea kusoma. Lakini kila ukianza, kwanza utasema wazi: haya hayajatokea. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana, mzee."

"Basi sema."

Nikasimama. "Haya hayajatokea."

Na Makokha, kutoka kwenye benchi, kwa sauti ya kujibu sala, "Bado!"

Kanisa zima likarudia, "Bado!"

"Haya," Mzee Yohana akasema, akijiegemeza. "Maji."

Nikawasomea sehemu ya mfuniko. Nilipofika mahali mvua ya kwanza inanyesha ndani ya kioo, Mama Naliaka alipiga kofi moja akasema, "Mfuniko! Si ni chungu tu hicho!" Na alikuwa amesema kweli. Nikaandika hivyo kwenye nakala iliyofuata: watu wa Matulo wanaishi mwezini ndani ya chungu.

Mama alirudi nyumbani mbele yangu, akisalimia watu ambao hata hawakuwa karibu.

Tangu siku hiyo hakuna aliyenizuia. Shule iliniruhusu kutumia mashine yake ya stensili, nikatoa vijitabu. Wafula alivibeba Kitale, vikasomwa Jumapili kwenye makambi ya wafanyakazi wa mashamba. Wakikuyu, Waluhya, Waturkana, wote walijua la kujibu msomaji akisema haya hayajatokea. Sikuwahi kuwa na mchapishaji. Sikumhitaji.

Miaka mingi baadaye, redio ikatangaza kwamba watu wametua mwezini. Nilikuwa nimekaa na redio yangu, nikasikia kengele ya baiskeli nje.

Ni Makokha. Mzee kabisa, ametoka kwake akikanyaga kilima chote. Hakusalimia.

"Mwarimu," akasema, akihema. "Wameanza."

Akashika usukani, akatazama juu, akatikisa kichwa.

"Lakini nimesikiriza mpaka mwisho. Hawakubeba wimbi."

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Ukiandika mambo ya mbele, usitafute watu wa kukuamini. Tafuta watu wa kukuuliza maji yako wapi. Ukimpata mmoja, umepata kila kitu ambacho mwandishi anahitaji, na kabati la jikoni linatosha kuanzia.

Sasa nataka kusikia kutoka kwenu. Nani mwingine hapa anaandika bila mchapishaji? Swali gani la msomaji lilibomoa hadithi yako, na uliijengaje tena? Nafula amenionyesha pa kubonyeza nikijibu, kwa hiyo msiogope.

Na mimi bado natunga. Nina kipya, kinatokea hapa Kitale, miaka mia mbili mbele. Nitawawekea mstari wake wa kwanza, ambao mmeshaujua:

Haya hayajatokea.

Jibuni.