Mfuko wa Gauni la Mwanaisha

Leo nimeliona gauni la marehemu dada yangu. Nilidhani halipo tena duniani.

Kila Jumamosi huwafundisha wasichana kushona hapa kwangu Likoni. Leo Rehema kaja na mfarishi wa viraka uliochanika, tuutengeneze.

Nikaukunjua. Katikati pana kiraka cha manjano chenye mfuko uliokwenda upande.

Mfuko ule niliushona mimi, mwaka wa themanini na saba, nikiwa na miaka tisa. Ndiyo kazi yangu ya kwanza. Mwanaisha hakulivua gauni lile mpaka homa ilipomchukua, na mama akagawa nguo zake zote.

"Umeutoa wapi huu?"

"Wa bibi yangu, mwalimu. Alikuwa akipewa nguo kuukuu na majirani. Sisi wadogo tukigombania kulala upande wa huo mfuko."

Nikaiweka sindano chini.

Nikampigia mama simu, nikamweleza.

"Alikuwa akitia ubuyu mfukoni," akasema polepole. "Hebu tazama ndani kama kuna doa."

Lipo. Jekundu bado.

Kesho anavuka feri kuja kuuona. Sijui nimtandikie au niukunje kwanza.

Nyinyi mngefanyaje?