Chumvi ya Mtaa Mzima

Mama Sufuria hakuwa mtu wa kuambiwa nyamaza. Jina hilo alipewa kwa sababu mkono wake haukujua kupika kidogo. Hata akipikia watu wawili, chakula kilitosha kuita majirani. Mumewe alikuwa fundi wa mapaa, akaanguka kazini na hakuamka tena. Mjane akapika harusi za watu mpaka Watawa wa Jivu walipomwita awe mpishi wa nyumba yao. Walioshangaa aliwajibu kwamba tumbo la mtawa na tumbo la mwizi hunguruma sauti moja, na kazi yake yeye ni matumbo.

Watawa wa Jivu walikuwa wawindaji wa wachawi. Walivaa kanzu za kijivu, wakajipaka jivu kwenye paji la uso, na nyumba yao ya mawe ilikaa juu ya mtaa ikitazama hadi uani kwa watu. Wakimtuhumu mtu, asubuhi mlango wake ulikutwa na alama ya kiganja cha jivu. Mchana wa siku hiyohiyo, wakishakula, mtuhumiwa aliletwa kwenye ua wao. Baba Mkuu alisoma shtaka mbele ya watu, na watawa wote wakaitikia kwa pamoja, “Tumeona.” Wakishaitikia, basi tena. Kilichofuata ni moto, na jivu jipya la kujipaka kesho yake.

Sasa, uchawi ulikuwepo, tusidanganyane. Fundi viatu alishona viatu vilivyomrudisha mlevi nyumbani hata mlevi mwenyewe akiwa amesahau anakaa wapi. Mdogo wake Mama Sufuria, mtia rangi vitambaa, alikuwa na buluu iliyogeuka kijani mvua ikikaribia, na kina mama waliining'iniza madirishani wapate kujua kama waanike nguo au wangoje. Nani aliumia kwa hayo? Labda muuza vitambaa wa pale kwenye kona, ambaye buluu yake ilikuwa buluu tu, na wateja walikuwa wanapita mlangoni kwake wakienda kwa mwenzake.

Watawa nao walikuwa na uchawi wao, ingawa ungewaambia hivyo wangekuchoma. Kiapo chao kilikuwa na meno: mtawa akishakula chumvi ya mtu, hawezi tena kumshtaki mtu huyo. Akijaribu, sauti inakauka kooni. Ndiyo maana hawakuonja hata uji nyumbani kwa mtu. Chumvi yao waliichimba wenyewe, wakaifungia kwenye mtungi wa jiwe, na kila asubuhi mtawa mmoja mtu mzima, mtunza stoo ambaye mtaa ulimwita Mzee wa Funguo, alimpimia mpishi chumvi ya siku. Langoni bawabu alikipekua kikapu cha Mama Sufuria kila alipoingia. Alipekua mpaka nyanya, utadhani nyanya zina mifuko. Mpishi akikutwa na chumvi ya nje, naye ni wa moto.

Siku walipomchukua bibi mmoja jirani, kosa lake birika lake lilichemka bila moto, Mama Sufuria aliunguza maharage makusudi na akawapakulia hivyohivyo. Walikula wakanyamaza. Yeye alirudi nyumbani, akakaa jikoni kwake, akalia kwa hasira, na hasira ile haikuisha. Ilikaa tu, ikingoja kazi.

Kazi ikaja. Asubuhi moja aliamshwa na jirani, akakimbia hadi kwa mdogo wake, akamkuta ameketi kizingitini, mikono buluu hadi viwiko, na nyuma yake mlango una kiganja cha jivu. Hakuna aliyehitaji kuuliza nani alipeleka maneno kwa watawa. Muuza vitambaa alikuwa amefungua duka mapema na anapiga mluzi. Mama Sufuria alimwambia mdogo wake ampe chumvi ya jikoni kwake, upesi. Namna ya kuipitisha langoni ataijua mwenyewe.

Mdogo wake hakuinuka.

“Dada, ukiweka yangu peke yake, kesho kiganja kitahamia kwa fundi viatu. Kesho kutwa kwa mwingine. Mimi nitakuwa nakaa nawatazama wanavyopita?”

Mama Sufuria akauchukua mtungi wake, ule aliokuwa akiwapelekea watawa maji ya kisimani kila siku, akaujaza maji, akaenda kugonga nyumba ya kwanza.

Alikwenda mlango kwa mlango, na kote alisema maneno yaleyale: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, ila leo yeye anaomba chumvi. Aliyekuwa nayo nyingi alitoa konzi, aliyekuwa nayo kidogo alitoa chembe, na zote zilizama mtungini na kuyeyuka. Fundi viatu alileta kopo zima, akauliza kama na pilipili inahitajika. Mwalimu alisema yeye ana watoto. Mkewe akamsogeza pembeni kwa kiwiko na kunyoosha mkono wenye chumvi. Wengine walimkumbatia. Bintiye yule bibi wa birika alitoa chumvi bila kusema neno, halafu akaomba aongeze ya mama yake, kwa kuwa ilikuwa bado imebaki kabatini.

Mwisho Mama Sufuria aligonga hata kwa muuza vitambaa. Hakutaka. Miguu ilimpeleka huku roho inamtukana. Lakini alikuwa amesema mtaa mzima, na mtaa mzima ni pamoja na wasiofaa. Muuza vitambaa alimcheka usoni, akasema yeye hana cha kuogopa kwa kuwa watawa ni marafiki zake, na atakuja uani kushuhudia. Akafunga mlango.

“Haya,” Mama Sufuria aliuambia mlango. “Usije ukasema hukuambiwa.”

Langoni bawabu alipekua kikapu, akazigeuza nyanya, akachungulia mtungini. Maji ni maji. Alimuuliza mama mbona anatetemeka leo, naye akajibu kwamba mtungi mzito na uzee haubishi hodi. Alipita. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye nguo zilikuwa zimeshavuliwa tangu nyumba ya kwanza.

Akatia maharage kwenye maji yale. Mzee wa Funguo alimletea chumvi ya siku kwenye kifurushi, kama kawaida, naye akaiweka rafuni bila kufungua kamba. Maharage yalipoiva, mzee alirudi kuonja kabla ya wengine, maana hiyo pia ilikuwa kazi yake. Akachota kwa mwiko, akapuliza, akaonja. Akatazama rafuni, kifurushi bado kimefungwa. Akamtazama mpishi. Mama Sufuria hakupepesa macho.

“Yamekolea,” mzee alisema. Akaenda kugonga kengele ya chakula.

Walikula wote, na Baba Mkuu aliomba tena.

Mchana ua ulijaa. Mtia rangi alisimamishwa katikati, mikono yake ya buluu imefungwa kamba, na muuza vitambaa alikuwa amejipatia nafasi ya mbele kabisa. Baba Mkuu alisimama, akavuta pumzi, akafungua kinywa kusoma shtaka. Hakikutoka kitu. Akakohoa, akanywa maji, akafungua tena. Midomo ilicheza, ua ukasikia kimya. Watawa wakaanza kutazamana.

Mama Sufuria akatoka jikoni na mwiko mkono mmoja na kifurushi mkono mwingine, akakiweka kifurushi miguuni pa Baba Mkuu.

“Chumvi yenu hii hapa, sikuigusa. Mliyokula ni ya mdogo wangu. Na yangu, na ya fundi viatu, na ya huyu, na ya yule, na ya marehemu mliyemchoma kwa ajili ya birika. Sasa mshtakini mnayemtaka.”

Baba Mkuu akamnyooshea kidole yeye mwenyewe. Kimya. Akamgeukia fundi viatu, kimya. Akamgeukia mke wa mwalimu, na mke wa mwalimu akaweka mkono sikioni ili asikie vizuri. Hapo watu wakaanza kucheka. Walikuwa hawajawahi kucheka katika ua ule, na kicheko kilitoka kwa kukwama kwanza, halafu kikafunguka.

Kikakatika ghafla, maana sauti ilikuwa imerudi. Baba Mkuu alikuwa amemgeukia mtu wa mbele.

“Muuza vitambaa,” alisema, na alisikika hadi nje ya lango. Uso wake ukapata uhai. Akaendelea upesi, akamsomea mtu yule uchawi ambao hakuwahi kuufanya, ilimradi pawepo na wa kuchomwa. Muuza vitambaa alianguka magotini, akilia kwa sauti kwamba yeye ni rafiki yao.

Mama Sufuria alifurahi. Alifurahi sana, na hakuona haya. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu alikuwa amechimba kwa mikono miwili. Halafu akamtazama mdogo wake, akaona kwamba mdogo wake hafurahi hata kidogo. Akakumbuka mlango ambao miguu ilimpeleka kwa nguvu. Akasonya, akamwendea muuza vitambaa, akaupachika mwiko chini ya kidevu chake.

“Sikupendi,” alimwambia. “Lakini sipikii watu moto. Lia hapa. Chumvi uliyoninyima unayo machoni.”

Akalia, na hakuhitaji kuhimizwa. Machozi yalipotosha kulowesha mwiko, Mama Sufuria aliunyoosha kuelekea kwa watawa, akangoja. Mzee wa Funguo alitoka mstarini, akachovya kidole, akalamba. Nyuma yake akaja mtawa mwingine, kisha bawabu, kisha wakaja wawili kwa pamoja, wasiangaliane, mpaka mstari ukaisha.

Baba Mkuu aliachwa peke yake na sauti yake. Alimaliza shtaka lote vizuri, mpaka neno la mwisho, akanyamaza kungoja “Tumeona.” Akarudia lile neno la mwisho, kwa sauti kubwa zaidi. Hakuna aliyeitikia.

Mama Sufuria akachomoa kisu cha kukatia nyanya kwenye mkanda wake, akakata kamba mikononi mwa mdogo wake, kisha akarudi jikoni kuosha mwiko.